Mpaka Kisigino Kifike Chini

Kabla hamjanipigia simu tena: hapana, ufunguo wa kabati la magongo sinao. Niliuacha kwenye msumari nyuma ya mlango, palepale ulipokaa miaka yote. Kama haupo, muulizeni aliyekuja kupaka rangi.

Hilo limekwisha. Mliloniomba ni jingine, kwamba niandike niliyoyaona katika chumba kile cha mazoezi ya viungo, ili nyinyi mnaoanza msipate tabu ya kujifunza yote upya. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara ndiyo kabisa, maana nikianza hapo presha itapanda na dawa nimeshameza. Nitaandika juu ya magoti, visigino na watu. Juu ya Bakari nitaandika zaidi, kwa sababu nasikia wameanza kuja wengine wa namna yake, na wengi wao hawatawaambia ukweli siku ya kwanza.

Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vyeupe na cheti ambacho sikuchoka kukitazama. Aliyenipokea hakuwa daktari. Alikuwa Mzee Kilonzo, fundi wa plasta, Mkamba aliyeletwa pwani na wazazi wake walipopata shamba huko juu kwenye mradi wa serikali wa makazi. Mtu wa kanisa, mrefu, mikono myeupe kwa unga wa plasta hadi viwikoni.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Chutama."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Chutama, mwanangu. Mpaka chini, na kisigino kisiinuke."

Nikachutama na sare yangu mpya mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. Mzee Kilonzo akanizunguka, akatazama visigino vyangu kama mtu anayenunua mbuzi. "Vizuri," akasema. "Sasa wajua unachowatafutia." Kisha akarudi kwenye ndoo yake ya plasta, nami nikabaki chini nisijue kama nimeruhusiwa kusimama.

Ilinichukua muda kumwelewa. Chuoni tulifundishwa kupima kiungo kwa kipimapembe, ile rula ya plastiki yenye mikono miwili, na kuandika nyuzi. Mzee hakukidharau kipimapembe, alikifuta vumbi kila asubuhi. Lakini kila mgonjwa wa mguu alimuuliza mambo matatu. Choo unachokwenda ni cha kukalia au cha kuchutama? Waswali vipi, au kanisani wapiga magoti vipi? Na akiwa mwanamke, alimwuliza kama aweza kukaa kwenye kibao cha mbuzi akakuna nazi. Kanisa lake halikumzuia kuijua rukuu na sijida na kile kikao cha katikati, mguu mmoja umelazwa na mwingine vidole vimekunjwa, maana aliwatazama wagonjwa wakiswali wodini miaka na miaka. "Kitabu chataka nyuzi," alikuwa akisema, "mgonjwa ataka kwenda chooni peke yake."

Ni yeye aliyenifundisha kazi ya leso. Chukua leso kuukuu, iliyofuliwa mpaka imelainika, ikunje, itie chini ya unyayo, mgonjwa ashike ncha mbili avute kuja kwake huku goti limenyooka. Nimeletewa mikanda ya kila rangi na wafadhili wa kila lugha, na sijaona ulioishinda leso. Akanifundisha pia kwamba adui mkubwa wa goti ni mto. Kila mama wa Kidigo akimwona mwanawe ameumia mguu atamtilia mto chini ya goti ili astarehe, na goti litastarehe hivyohivyo mpaka likatae kunyooka. Wanyang'anyeni mito, wanangu. Watawanunia, lakini watatembea.

Kisha zikaja bodaboda. Nyinyi mmezikuta, mwadhani zilikuwako tangu Nabii Adamu. Kabla yake tulipokea wagema walioanguka minazini na wazee waliojikwaa. Bodaboda zikaja kuvunja miundi, ile mifupa ya chini ya goti, na wodi ya wanaume ikajaa vyuma vya nje, vile ambavyo wagonjwa wenyewe waliviita antena. Misumari imepenya nyama mpaka mfupani, na kwa nje imeshikwa na fito au mapete ya chuma. Huko ndiko nilikojifunza kusafisha tundu la msumari kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na kuusikia usaha kwa pua kabla jicho halijauona. Mume wangu, Mungu amrehemu, alilalamika kwamba hata samaki nilikuwa nikimnusa hivyo.

Katika miaka hiyo nikaona kwa mara ya kwanza mfupa ukirefushwa. Alikuwa msichana wa upande wa Shimoni, Mwanaidi, ambaye mguu mmoja uliliwa na usaha wa mfupa utotoni ukabaki mfupi. Alitembea kama anayepanda ngazi upande mmoja tu. Daktari bingwa wa mifupa aliyekuwa akitujia kutoka Mombasa akaamua kumsaidia, na kabla ya kuanza akatukusanya akatueleza. Mfupa hukatwa kwa uangalifu, akasema, huachwa siku chache utulie, halafu nati za vyuma huzungushwa ili pengo lifunguke milimita moja kwa siku. Tena si kwa mkupuo mmoja. Robo asubuhi, robo mchana, robo jioni, robo kabla ya kulala. Mwili hulijaza pengo lile mfupa mpya, na kwenye eksirei huonekana kama wingu jepesi.

"Mfupa ni mvumilivu," alituambia. "Ukienda naye polepole atakufuata. Wasiovumilia ni mshipa wa fahamu, na msuli, na kano ya kisigino. Hao ndio watakaokwambia basi."

Nikamwuliza mwisho ni wapi. Akasema kwa muundi, ikifika sentimita tano hivi kwa safari moja, yeye huanza kuogopa. Wapo madaktari wanaopita hapo, na wapo wagonjwa wanaopita salama, lakini kila ukiongeza ndivyo hatari inavyoongezeka, na kila sentimita moja hudai mwezi na zaidi wa kukaa na vyuma mpaka mfupa ukomae. Mwanaidi hakufika hata nne. Alilia sana, akatembea sawa, na leo ana duka la vitambaa na anatembea haraka kuliko mimi.

Nawaeleza haya ili mjue nilikuwa najua nini siku Bakari alipoletwa.

Aliletwa na mama yake, Bi Riziki, kutoka Tiwi. Tuktuk ilisimama mlangoni, kijana amenyoosha miguu kwenye kiti chote cha nyuma, na mama mtu mzima amebanwa pembeni na mto mapajani. Nikauona mto ule nikajua nitakuwa na kazi. Bakari alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sura nzuri, mpole, ananukia udi. Miguu yote miwili ilikuwa na mapete ya chuma kutoka chini ya goti hadi juu ya kifundo.

"Ajali ya gari," akasema Bi Riziki kabla sijauliza. "Huko Arabuni alikokuwa akifanya kazi."

Nikasema pole, mwanangu. Kisha nikainua eksirei dirishani. Miundi yote miwili ilikuwa imekatika mahali pamoja, sawasawa, kama aliyekata alipima kwa rula, na katikati ya vipande kuna pengo.

"Bi Riziki," nikasema, "gari gani hili lenye adabu namna hii?"

Mama akatazama chini. Bakari akacheka, na kile kicheko kikamgeukia hapohapo kikawa kilio. Nikafunga mlango.

Alikuwa amefanya kazi katika hoteli moja Diani kabla ya kwenda Arabuni. Pale hotelini kila mwaka wafanyakazi wote hupigwa picha ya kutundikwa mapokezi. Kila mwaka walipangwa mistari, na kila mwaka alitokea mwerevu mmoja akakimbilia jikoni na kurudi na kreti la soda. "Panda, Nusu!" Ndilo jina walilompa, Nusu. Naye alipanda, akacheka pamoja nao, kwa sababu asingecheka wangesema ana kinyongo. Wageni walipokuja kujiandikisha walimtazama pichani, wakamtazama yeye, wakacheka nao.

"Bi Mwanasha, mimi sikutaka kuwa mrefu," akaniambia. "Nilitaka nisimame mstari wa nyuma. Basi."

Sikumcheka, na nyinyi msije mkamcheka yeyote. Mimi mwenyewe nikisimama dirisha la dawa, aliye ndani huona kilemba tu. Nikamwambia hivyo nikidhani namliwaza.

"Wewe ni mwanamke," akasema. "Wewe ukiwa mfupi waitwa mzuri."

Mume wangu ndivyo alivyokuwa akiniita.

Basi alipokuwa ughaibuni alijibana miaka mitatu, akavuka kwenda nchi nyingine ambako kuna kliniki ya kurefusha watu wasio na ugonjwa wowote. Wakampa ahadi ya sentimita nane. Wakamkata, wakamfunga vyuma, wakamfundisha kutumia spana, na ruhusa yake ya kukaa kule ilipokwisha wakamwacha aje amalizie nyumbani, awe anawapelekea picha kwa simu. Mama yake hakujua lolote mpaka alipomwona akishushwa uwanja wa ndege kwenye kiti cha magurudumu. Mama wa watu akafanya alichoweza. Akawaambia majirani ni ajali, maana angewaambia nini? Kwamba mwanawe amelipa avunjwe?

Na majirani wa Tiwi mwawajua. Ajali ni ajali. Walikuja asubuhi, wakaja alasiri, wakaja na madafu, na uji, na dua. Bi Riziki akamuuguza kama mzazi wa arobaini: haruhusiwi kunyanyua hata kikombe, analala kitanda cha kamba kilichobonyea katikati, mto chini ya magoti. Mapenzi matupu. Matokeo yake magoti yalikuwa yameanza kukunjana, na nyayo zimeelekea chini kama za mtu anayechungulia juu ya ukuta.

Nikaanza kumpima. Kisigino cha kushoto kilikuwa kigumu. Cha kulia hakikusogea kabisa, na kidole gumba cha mguu huo kilikataa kuinuka hata alipokaza mpaka jasho likamtoka. Nikamwambia afumbe macho, nikampitishia pamba kati ya kidole gumba na cha pili.

"Anza tu, Bi Mwanasha," akasema. "Mimi tayari."

Nilikuwa nimeshapitisha mara mbili. Mama yake aliona, akaziba mdomo kwa mtandio.

Nikamuuliza siku aliyokatwa. Nikahesabu. Nikaitazama tena eksirei, na hesabu zangu hazikukubaliana na pengo lile. Pengo lilikuwa linakaribia sentimita tano, na kwa siku zile halikupaswa kufika huko. Wingu la mfupa mpya lilikuwa jepesi mno. Nikadhani kule kliniki walimwambia aende mbio. Akanionyesha maelekezo kwenye simu, nayo yalikuwa sahihi, robo mzunguko mara nne kwa siku.

"Wewe wazungusha saa ngapi?"

"Sina saa maalumu. Wageni ni wengi, nilikuwa nasahau. Basi nikaona bora nifungamanishe na sala. Nikimaliza kuswali tu, nashika spana."

"Sala ipi?"

"Zote."

Nikaweka kalamu chini. "Bakari, sala ni ngapi kwa siku?"

Akatabasamu, akaona namtania. "Tano, Bi Mwanasha."

"Na robo ni ngapi?"

Alifungua mdomo kusema nne, na ile nne haikutoka. Alimtazama mama yake, akatazama miguu yake. "Yallah," akasema polepole. "Tangu nirudi nyumbani."

Mnaweza kuhesabu wenyewe. Robo moja ya ziada kila siku, wiki baada ya wiki, kwa mtu ambaye hakosi sala hata moja. Angekuwa mvivu wa dini, mguu wake ungekuwa salama. Sikulisema hilo mbele yake. Nalisema hapa kwa kuwa mpaka leo sijui nilicheke au nililie.

Daktari wetu wa mifupa, yule mpole mnayemjua, alikuja mchana huohuo. Alimpima kwa utulivu, akakaa kitandani pembeni yake, akamweleza bila kumkaripia. Mshipa wa fahamu wa mguu wa kulia umevutwa kupita kiasi. Ukiendelea kuvutwa, mguu utalala moja kwa moja, na atatembea maisha yake yote akiuburuta. Mfupa nao hautajaa. Anaweza kubaki na vyuma miaka, au uvunjike siku vikitolewa. Kwa hiyo tunasimama. Tena hatusimami tu, tunarudisha nati nyuma milimita chache, miguu yote miwili ilingane, ili mshipa upumue.

"Kurudisha?" Bakari akauliza. "Nipungue?"

"Kidogo tu."

"Daktari, niliahidiwa nane. Sijafika hata tano, na wataka nipungue?"

"Spana ni yako," daktari akasema. "Siwezi kukulazimisha. Lakini mguu ni wako pia."

Bakari akaondoka akiwa amekunja uso. Miadi ya kesho yake hakuja. Ya keshokutwa hakuja. Nilipokuwa nikiwanyoosha wengine magoti nilikuwa naiwaza robo moja baada ya nyingine, na kila nikisikia adhana naongeza nyingine. Nimeswali maisha yangu yote, na wiki ile ndiyo pekee niliyoiogopa adhana.

Ijumaa nikapanda gari nikaenda Tiwi. Nilikuta wageni watano sebuleni wanamweleza Bakari juu ya binamu wa mtu aliyegongwa na lori akapona. Nikanywa chai. Nikala mahamri. Nikasifu mahamri. Walipoaga mmoja mmoja tukabaki watatu, na spana iko palepale juu ya mswala.

"Umezungusha?" nikauliza.

"Sijaenda mbele wala nyuma," akasema. "Nashika, naacha. Siwezi, Bi Mwanasha. Nimekatwa, nimeumia, nimemdanganya kila mtu anayeingia mlango huu, halafu nirudi nyuma kwa mkono wangu mwenyewe? Wakinisimamisha tena kwenye kreti?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima. Sikuitumia, kwa sababu Bi Riziki alikaa chini kwenye mkeka mbele ya miguu ya mwanawe. Ni mwanamke mfupi, mfupi kunishinda mimi. Alishika yale mapete kwa mikono miwili.

"Ufupi huu nimekupa mimi," akamwambia. "Sikukuchagulia, nilikupa nilichokuwa nacho. Wakati wote walipokuwa wakikucheka kule Diani, mwanangu, ni mimi waliyekuwa wakinicheka, na wala hukuniambia. Ungeniambia ningekuja nikapanda kreti lile pamoja nawe."

Bakari akajifunika uso.

"Sasa nakuomba nawe unipe kitu. Nipe mtoto anayetembea. Urefu wowote."

Nami nikawa natazama dari kwa kuwa macho yangu hayakuwa na adabu. Hatimaye nikasikia chuma kikigusa chuma. Bakari alikuwa ameshika spana. Akarudisha nati ya kwanza, akanitazama.

"Hivyo?"

"Hivyohivyo. Na leo inatosha. Kesho uje kwangu."

Nilipotoka niliuchukua ule mto nikaondoka nao. Bi Riziki aliniona, akanifungulia mlango.

Kilichofuata ni kazi, na kazi haina hadithi ndefu. Leso chini ya unyayo asubuhi na jioni. Kitanda cha kamba kikabadilishwa kwa godoro chini sakafuni. Kulala kifudifudi magoti yanyooke. Kusimama kwenye fremu huku akitukana kimoyomoyo, maana kwa mdomo alikuwa na adabu sana. Tundu moja la msumari lilitunga usaha, tukalimaliza mapema. Wiki moja shavu la mguu wa kushoto lilivimba likawa la moto, tukampeleka mbio kwa daktari tukihofia damu imeganda. Haikuwa hivyo, lakini nanyi mkiona vile kimbieni, msingoje kesho. Wingu kwenye eksirei likawa zito mwezi baada ya mwezi. Vyuma vilikaa karibu mwaka mzima. Hisia kati ya vidole zilirudi kwanza kama wadudu wanaotambaa, na siku aliponiambia "Bi Mwanasha, umegusa," nilimwambia aseme tena.

Alibaki na sentimita nne na kitu. Siku alipotembea msikitini kwa miguu yake watu wa Tiwi walimpokea kwa takbira. Wakamkumbatia, wakamshukuru Mungu, wakamtazama miguu kama anachechemea. Alikuja kwangu kesho yake amenyong'onyea.

"Hakuna hata mmoja aliyeona," akasema. "Wote wasema, alhamdulillahi, umetembea. Hakuna aliyesema, Bakari, umerefuka."

"Ulitaka waseme?"

Akafikiri. "Mmoja tu," akasema. "Mmoja angetosha."

Wapo watakaowajia kabla ya kukatwa, wakiuliza kwa niaba ya rafiki. Huyo rafiki ni wao wenyewe, msionyeshe kwamba mwajua. Msiwahubirie juu ya maumbile, wana masheikh na wachungaji kwa kazi hiyo. Waambieni kwamba upo ufupi wa ugonjwa kama wa Mwanaidi, na upo ufupi ambao ni mtu tu alivyo, na mwili haujui tofauti, unaumia sawasawa. Waambieni juu ya milimita moja na robo zake, juu ya hapo kwenye tano ambapo madaktari waangalifu huanza kusitasita, juu ya usaha, damu kuganda, mfupa kukataa kujaa, kisigino kubaki hewani. Waulizeni nani atakuwa nao miezi yote ile ya vyuma, na daktari aliyekata yuko umbali gani kukiharibika. Halafu waulizeni walichofanyiwa mpaka wakafika hapo. Kaeni mwasikie. Wengine wakishasikilizwa huenda zao. Wengine wataenda kukatwa, na wakirudi nyinyi ndio mtakaowanyoosha, kwa hiyo msiwafungie mlango.

Mwanzoni mwa mwaka huu ikawa zamu yangu ya kuaga. Mliniandalia keki ambayo sukari yake ingemlaza mtu wodini, mkasoma hotuba, nyingine hata zilikuwa za kweli. Bakari alikuja na mama yake na sahani ya halua. Sasa anafanya kazi Ukunda, anatengeneza simu. Hotelini hakurudi. Kidole gumba cha kulia huinuka nusu ya njia, naye hukiita kwa jina lile la zamani, Nusu, akacheka.

Mkasema mwataka picha. Aliyeshika kamera ni yule kijana wa Nairobi aliyekuwa kwenye mafunzo, asiyemjua Bakari wala habari zake. Akatupanga sote ukutani, nyinyi kandokando. Mimi katikati, Bi Riziki kushoto kwangu, na Bakari akaja kutusimamia nyuma, kama mtoto wa nyumbani. Kijana akatazama kwenye kamera yake, akakunja uso.

"Buda, wewe hapo nyuma," akasema. "We ni mrefu, unawatupia wamama kivuli. Hebu shuka kidogo hapo kando."

Nyinyi mlikuwa mnacheka mambo yenu, hamkusikia. Sisi watatu tulisikia. Bi Riziki akanishika mkono akaubana mpaka pete yake ikaniumiza. Bakari alisimama pale bila kutikisika, macho yamemjaa maji.

"Nani, mimi?" akauliza.

"Wewe, mrefu. Shuka."

Akaja upande wangu wa kulia. Akashika bega langu, akaanza kushuka taratibu, magoti yakikunjana, mpaka akachutama kando yetu na kichwa chake kikawa chini ya vyetu wanawake wawili wafupi.

Picha mmeitundika, nimeiona. Wote mwatazama kamera isipokuwa mimi, na mmeniuliza zaidi ya mara moja nilikuwa nikitazama nini sakafuni. Nilikuwa nikitazama visigino vyake. Cha kushoto kilikuwa kimeshafika chini. Cha kulia kilikawia, kikatetemeka, kikafika.